Ziwa Ngozi halina mto unaoingia wala unaotoka. Maji yanakwenda wapi?

#1 Mpanda Poroto
Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa hoja.

Ziwa Ngozi liko juu ya Milima ya Poroto, Rungwe, ndani ya shimo la volkano. Urefu wake ni kama kilomita 2.5, upana kilomita 1.6, kina mita 74 hivi. Ukisimama kule ukingoni juu unaliona lote chini yako, kuta zimesimama pande zote, msitu umeteremka mpaka kwenye maji. Nimezungusha macho kutafuta hata upenyo mmoja ambapo maji yangeweza kutoka, sikuuona. Mto wa kuingia pia hakuna.

Na Rungwe inavyonyesha mnajua wenyewe. Kwa nini ziwa halijai likamwagika? Na kiangazi kwa nini halikauki? Kijana wa bodaboda alituambia kuna pango linalopeleka maji mpaka Ziwa Nyasa. Mwongozaji wetu akasema ni mvua tu na jua. Walibishana njia nzima ya kushuka na mimi nikabaki na swali langu.

#2 Tulia Kwanza
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi waje.

#3 Mwana Isongole
Karibu sana kwetu mkuu #1. Mimi nimezaliwa Isongole, hapo hapo mnapoacha lami ya Mbeya–Tukuyu kuanza kuingia Ngozi. Habari ya pango ni ya zamani kuliko huyo kijana wa boda, hata babu zetu walikuwa wanaisema. Wazee wa Kisafwa wanaliheshimu lile ziwa, wanasema lina nguvu zake, na wapo watu wanaotoka mbali kuja kuomba pale.

Niongeze kitu kimoja. Kusema maji hayapandi wala hayashuki si kweli. Sisi tunaoteremka mpaka chini tunaona mwezi wa kumi mawe ya pembeni yana alama, sehemu ya juu imekauka na kuwa nyeupe, ya chini bado ina ukijani wa utelezi. Mwezi wa nne ile alama huioni, iko ndani ya maji. Mtu akiwa juu ukingoni hawezi kujua, ni mbali mno.

#4 Mwalimu wa Ramani
Nafundisha jiografia, nimefurahi kuona uzi huu. Tupige hesabu kidogo.

Tuchukue eneo la maji ni kilomita za mraba 3. Tuchukue mvua ya mita 2 kwa mwaka. Hayo ni maji mita za ujazo milioni 6 yanayoanguka ziwani moja kwa moja, bado hujahesabu yanayoteremka kwenye zile kuta. Maana yake kila mwaka ziwa lingepanda mita 2 na zaidi kama hakuna kinachotoka. Mvuke unachukua sehemu, lakini kule juu ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi, ukungu asubuhi na jioni. Hauwezi kuyachukua yote.

Mlipuko wa mwisho wa Ngozi unakadiriwa kuwa karne ya 15. Miaka 500 na ushee. Lingekuwa linabakiza hata nusu mita kwa mwaka, leo tungekuwa tunazungumzia maporomoko ya maji yanayomwagikia Isongole. Kwa hiyo ziwa linavuja. Miamba ya pale ni majivu ya volkano na yale mawe mepesi yenye matundu. Hakuna haja ya pango.

#5 Fundi Pima
Mwalimu, hesabu nzuri lakini mita 2 umeitoa wapi? Hiyo ni mvua ya Tukuyu, upande unaotazama Ziwa Nyasa, unaopigwa na upepo wenye unyevu. Mbeya mjini ni kama nusu ya hapo. Ngozi iko katikati ya sehemu hizo mbili. Ukiweka mita 1.3 na mvuke nao mita 1.3, ukiacha yanayoteremka kwenye kuta, unapata ziwa lililosimama penyewe bila kuvuja hata ndoo moja. Siungi mkono upande wowote, nasema bila kipima mvua pale ukingoni wote tunakisia.

#6 Mwalimu wa Ramani
#5 hoja yako ni nzito na naikubali kuhusu mvua. Ila jibu hili: ziwa lisilovuja, linalopoteza maji kwa mvuke peke yake, huishia kuwa magadi. Angalia Natron, angalia Rukwa, angalia lile la ndani ya Ngorongoro. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Ngozi si magadi.

#7 Binti Tukuyu
Jamani na ile hazina ya Wajerumani iliyotupwa Ngozi mbona hamuisemi? Mjomba wangu alikuwa anatuhadithia, sarafu masanduku kwa masanduku.

#8 Mwana Isongole
Dada yangu #7, hiyo ni Masoko, siyo Ngozi! Ziwa Masoko, wenyewe wanaita Kisiba, liko upande wa kusini wa Tukuyu, nalo ni la volkano. Pale ndipo Wajerumani walikuwa na boma lao, na ndipo watu waliokota sarafu za zamani pembeni ya maji. Fikiria askari abebe masanduku ya fedha ayapandishe Ngozi kwenye ule mwinuko halafu ateremke nayo upande wa pili. Mimi nikiwa na kiroba cha viazi tu nashindwa.

#9 Binti Tukuyu
Haya baba, asante. Nitamuuliza mjomba vizuri.

#10 Mbeya Mpaka Portland
Niko jimbo la Oregon, Marekani, na huu uzi umenigusa kwa sababu huku kuna ziwa ambalo ni kaka mkubwa wa Ngozi. Linaitwa Crater Lake. Mlima Mazama ulilipuka miaka kama 7,700 iliyopita, kilele kikazama, shimo likajaa maji ya mvua na theluji. Kina chake ni mita 594, hakuna ziwa la Marekani linalolizidi. Nalo halina mto unaoingia wala unaotoka.

Kuna njia ya kupanda Garfield Peak, kilele kilichopo ukingoni, kama mita 2,450 kutoka usawa wa bahari. Unapanda kama mita 300 tu kutoka pale barabara ilipo, na ukifika ziwa lote liko chini ya miguu yako, bluu ambayo ukiipiga picha watu wanadhani umeipaka rangi. Kisiwa cha Wizard kinaonekana kimekaa pembeni na shimo lake dogo juu. Mwezi wa saba bado kuna theluji njiani kwenye vivuli, maana kule huanguka zaidi ya mita 10 za theluji kwa mwaka.

Sasa jibu la wenzetu baada ya kupima kwa miaka mingi: vyote viwili. Mvuke unachukua sehemu, kuta zinavuja sehemu, na maji yakipanda hufika mahali kwenye ukuta penye mwamba unaopitisha maji kwa wingi, hapo hayapandi tena. Nadhani Ngozi ni hivyo hivyo.

#11 Fundi Pima
#10 umeleta kitu. Lakini wao wamepima. Sisi?

#12 Pwani Hadi Bara
Mimi niko Taveta, upande wa Kenya. Sisi tuna Ziwa Chala, shimo la volkano pia, mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati ya maji. Ukisimama ukingoni ni kama mnavyosema, kuta tupu na maji chini. Tofauti ni kwamba Chala hulishwa na maji ya ardhini yanayoteremka kutoka Kilimanjaro. Mvua yetu ni haba sana, ingekuwa ni mvua peke yake ziwa lingekuwa limeisha kitambo. Kwa hivyo msikimbilie mvua. Je, Mlima Rungwe uko karibu na mrefu kuliko Ngozi? Kama ndivyo, huenda Rungwe ndio unaolisha.

#13 Mwalimu wa Ramani
Swali zuri ndugu yetu wa Taveta. Rungwe ni mita 2,960, ukingo wa Ngozi pale juu kabisa ni mita 2,620 hivi, na maji ya ziwa yako kama mita 2,060. Urefu unaruhusu. Ila kati ya Rungwe na Ngozi kuna bonde, na maji ya ardhini hufuata bonde kwanza.

#14 Kijana wa Soweto Mbeya
Mnajua kwamba Ngozi ni ziwa la pili Afrika kwa ukubwa kati ya maziwa ya volkano? Tuanzie hapo kulitangaza badala ya kuhesabu matone.

#15 Fundi Pima
La kwanza ni lipi?

#16 Kijana wa Soweto Mbeya
Liko Ethiopia nadhani. Kila kipeperushi cha utalii kinasema la pili.

#17 Mbeya Mpaka Portland
Ethiopia kuna Shala, limekaa ndani ya kaldera na ni kubwa mara nyingi kuliko Ngozi. Ghana kuna Bosumtwi, upana kama kilomita 8, lakini lile lilichimbwa na kimondo, si volkano. Nasi wenyewe tuna Empakai kule Ngorongoro, maji yake peke yake yanashindana na Ngozi. Kila nchi ina "la pili" lake. Ngozi ni zuri bila hiyo namba.

#18 Mpanda Poroto
Umbo lake je? Wanasema ni ramani ya Afrika. Nikiwa ukingoni niliiona kabisa, Pembe ya Afrika na kule kusini linavyochongoka.

#19 Tulia Kwanza
Nimefungua picha ya setilaiti sasa hivi. Mimi naona kiazi.

#20 Mwana Isongole
#19 huku Isongole kiazi ni heshima, usitutishe 😂

Umbo inategemea umesimama wapi. Pale njia inapotokea juu, ziwa unaliona kwa mlazo na Afrika inatokea. Ukitembea na ukingo kuelekea kushoto inapotea.

#21 Furaha wa Goma
Jambo kwenu wote. Mimi niko Goma. Ninasoma hii mambo yenu na ninapata wasiwasi kidogo, mutaniwia radhi.

Huku kwetu kuko gesi inatoka mu udongo, inakaaka mu mashimo, tunaiita mazuku. Huioni, hainuke. Inauaka mbuzi, kuku, hata mutoto akiteremuka mu shimo asubuhi mapema. Na Ziwa Kivu lina gesi nyingi sana chini, kaboni dayoksaidi na metani, ndiyo ile Rwanda wanatoa kwa kufanya umeme. Kule Kameruni ziwa Nyos, ziwa la volkano kama lenu, lilitoa kaboni usiku mumoja, tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 1986, watu zaidi ya 1,700 wakafa wakilala. Na lenyewe si kubwa kupita Ngozi. Mumesha kuuliza kama Ngozi iko na gesi?

#22 Binti Tukuyu
Mungu wangu. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda mwezi ujao.

#23 Jotoardhi
Kaka Furaha ameuliza swali la maana kuliko yote humu. Nimefanya kazi ya vipimo ukanda huu kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Gesi ipo Rungwe, hilo halina ubishi. Kaboni dayoksaidi inatoka ardhini sehemu kadhaa, na upande wa Kyejo, volkano ya jirani, inavunwa kwa ajili ya viwanda, ile inayofanya soda itoe povu. Kwenye mashimo inapotokea utakuta panzi, ndege na panya wamekufa, kama mazuku ya Goma. Mwenyeji atakuonyesha pasipoingiliwa na mtoto wala mbwa.

Kwa Ngozi yenyewe: Nyos liliua kwa sababu maji ya chini na ya juu hayakuwa yanachanganyika, gesi ikajilimbikiza chini miaka na miaka. Kina cha Nyos ni zaidi ya mita 200, Ngozi ni 74, na ziwa lililo juu namna ile hupata baridi kali mwezi wa sita na wa saba, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama na kuchanganya. Hiyo inasaidia gesi itoke kidogo kidogo. Sisemi asiwepo wa kuangalia. Volkano ya Ngozi imelala, haijafa, na ziwa la namna hii linastahili kupimwa mara kwa mara.

Na Mwalimu, turudi kwenye chumvi. Ngozi si magadi, kweli. Lakini si maji baridi matupu pia. Vipimo vilikuta sodiamu na kloraidi nyingi kuliko chemchemi za jirani. Hiyo haitoki mvuani. Kuna maji ya moto yanayopanda kutoka chini ya ziwa, na ndiyo sababu TGDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, wameweka Ngozi kwenye miradi yao ya umeme. Kwa hiyo ziwa linalishwa na mvua juu na maji ya moto ya volkano chini.

#24 Mwalimu wa Ramani
#23 asante sana. Lakini ona, hoja yangu imezidi kupata nguvu. Kama kuna chumvi inayoingizwa kutoka chini kila siku na bado ziwa halijawa chumvi tupu, basi kuna mahali inatolewa. Linavuja.

#25 Fundi Pima
Au volkano imeanza kuingiza chumvi juzi tu, tukisema juzi kwa saa ya milima.

#26 Kijana wa Soweto Mbeya
Kama linavuja, yanakwenda wapi? Nyasa kama alivyosema boda?

#27 Mwalimu wa Ramani
Hapo ndipo utamu ulipo. Poroto ni paa la nyumba lenye pande tatu. Maji ya kusini yanaingia Kiwira na kwenda Nyasa, kisha Shire, kisha Zambezi. Maji ya kaskazini yanateremka Usangu, yanakuwa Ruaha Mkuu, Mtera, Kidatu, na mwisho Rufiji. Maji ya magharibi yanaingia Songwe, ile Songwe ya kaskazini siyo ya mpakani na Malawi, na kuishia Rukwa ambako hayatoki tena. Tone la Ngozi likivuja linaweza kufika popote kati ya hapo. Mimi nadhani ni Kiwira, kwa sababu upande wa kusini ndio wenye chemchemi nyingi.

Lakini pango la bomba moja hadi Nyasa halipo. Nyasa iko mita 474 kutoka usawa wa bahari, Ngozi 2,060. Weka bomba wazi lenye mteremko wa zaidi ya mita 1,500 uone kama ziwa litabaki wiki.

#28 Jotoardhi
Wapo watafiti waliofikiri ni Songwe. Zile chemchemi za moto za Songwe, magharibi ya Mbeya, zinazotoka na nyuzi karibu 80 na zimejenga mawe ya chokaa pale, kwa muda zilihusishwa na joto la Ngozi: kwamba maji yanapashwa chini ya Ngozi, yanasafiri kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yanatokea kule. Wengine wakapinga, wakasema Songwe ina joto lake. Mpaka visima virefu vitoe jibu, ubishi utakuwepo.

#29 Mpanda Poroto
Kwa hiyo babu zetu na pango lao hawakuwa mbali sana, ila wamekosea upande?

#30 Mwana Isongole
Babu alisema maji yanatembea chini ya ardhi. Wataalamu wanasema maji yanatembea chini ya ardhi. Mimi sioni kosa.

#31 Dar Kwa Muda
Jamani tuacheni sayansi kidogo, mtu akitaka kwenda anafanyaje? Natokea Dar, nitalala Mbeya.

#32 Mwana Isongole
Panda Kosta au Noah za Tukuyu pale Uyole, shuka Isongole. Kutoka lami mpaka msitu unapoanza ni kilomita kadhaa katikati ya mashamba ya viazi na pareto, boda wanafika kukiwa kukavu. Lipia kiingilio, chukua risiti, chukua mwongozaji wa kijijini. Halafu ni kupanda ndani ya msitu, saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu wa kawaida. Mwanzo njia ni ya taratibu, katikati kuna mianzi na migomba mwitu, mwisho unashika mizizi kwa mikono. Tope hata mwezi wa tisa halikosekani kwenye vivuli. Usije na raba nyeupe. Fimbo nitakukatia mwenyewe.

Anza asubuhi lakini si alfajiri sana. Ukungu ukiwa umelala ndani ya shimo utafika juu uone pamba tupu. Saa nne, saa tano, unafunguka.

#33 Dar Kwa Muda
Na kushuka hadi majini?

#34 Mwana Isongole
Kama magoti ni mazima na hakujanyesha. Ni ukuta ule, siyo mteremko. Watu wengi huishia juu na hawajakosa kitu.

#35 Binti Tukuyu
Mkienda mtembee mkiangalia matawi. Kuna kinyonga mwenye pembe tatu puani, dume lake, anapatikana Milima ya Poroto na hapo jirani tu. Mwaka jana mwenzetu alikaribia kumshika akidhani ni jani lililokunjamana. Anatembea hatua moja, anatikisika, anasubiri, hatua nyingine. Msimguse, msimnunue kwa watoto wanaomuuza barabarani. Na mbega weupe kwa weusi mtawasikia kabla hamjawaona.

#36 Kijana wa Soweto Mbeya
Mimi nasema anayetaka ziwa la kuangalia kutoka kileleni aende Rungwe siku isiyo na mawingu, aione Nyasa kule chini. Au Milima ya Livingstone juu ya Matema. Ngozi ni bakuli, Nyasa ni bahari.

#37 Tulia Kwanza
Rungwe ni siku nzima na unarudi huna magoti. Ngozi unarudi kula ndizi nyama mchana. Mimi nimechagua.

#38 Mpanda Poroto
Wakuu, nimepata majibu mengi kuliko maswali, na kila jibu lina mwenye kulipinga. Nina wazo. Tununue bomba la plastiki, tulichore sentimita, tulisimike pembeni ya maji kwa idhini ya ofisi ya misitu. Mtu alisome kila mwezi. Na ndoo ya kupima mvua pale juu. Fundi Pima unasemaje?

#39 Fundi Pima
Nitachora vipimo bure. Lakini isomwe mwaka mzima, Oktoba na Mei ndizo muhimu kuliko zote. Msinipe namba za Julai mkasema mmemaliza.

#40 Jotoardhi
Chukueni na chupa ya maji kila mara, mwandike tarehe. Nitajua pa kuipeleka.

#41 Mwana Isongole
Kusoma nitasoma mimi. Ila Mei boda hafiki hata nusu ya njia, mtaanza kutembea kwenye lami. Mje na gambuti, na anayeleta lile bomba alikate vipande viwili, kwenye mianzi halitapita likiwa refu.